Faili la sauti la MB 898 linafika asilimia 100, kisha fomu inasema "Tafadhali chagua faili"

BintiMikindani

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Shida hii imenikalia wiki ya tatu sasa, nimeona niilete hapa kabla sijabomoa kila kitu nianze upya. Itakuwa ndefu, mnivumilie, maana nikifupisha naweza kuficha kilekile mnachohitaji kukiona.

Sisi ni vijana saba tunaorekodi masimulizi ya wazee wa huku kusini. Mmoja yuko Newala, mmoja Kitangari, mmoja Nanyamba, wawili Masasi, mmoja Nachingwea, na mimi niko hapa Mikindani. Hatuna mfadhili. Kinasa sauti tulinunua kwa kuchangishana, na seva ndogo tunailipia sisi wenyewe kila mwezi. Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti ambayo wenzangu wanapakia sauti: unajaza jina la kijiji, lugha, tarehe, unaweka tiki kwamba mzee ameridhia, unachagua faili, unabonyeza "Tuma".

Kuna mzee ambaye utotoni alikuwa akiwauzia maji ya kunywa wajenzi wa reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ile ya mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951. Kuna bibi mmoja aliyevuka Ruvuma akiwa msichana, baada ya vita kuanza Msumbiji mwaka 1964. Anasimulia usiku wa kuvuka hatua kwa hatua, nani alimbeba nani, walinyamazishaje watoto. Huyo bibi ndiye faili linalonitesa. Ni dakika 52, WAV (sauti isiyobanwa) ya 48 kHz, biti 24, stereo, jumla MB 898.

Kinachotokea ni hiki. Mwenzangu wa Newala anapakia kwa laptopu akitumia hotspoti ya simu. Mara nyingi inakufa njiani, na haifii mahali pamoja: imeshakufa kwenye asilimia 14, 61, na siku moja 83. Mara moja tu ilifika asilimia 100, baada ya karibu saa nzima, na ukurasa ukarudi na maandishi yangu mwenyewe mekundu: "Tafadhali chagua faili". Kana kwamba hakutuma kitu! Jina la kijiji nalo lilikuwa limefutika kwenye fomu.

Basi nikalileta faili mjini Mtwara, kwenye ofisi ya rafiki yangu pale Shangani, yenye mtandao wa faiba. Pale halikatiki. Linafika 100 vizuri, halafu jibu ni lilelile, chagua faili.

Mafaili madogo, mpaka MB 60 hivi, yanapita bila tatizo kutoka kokote.

Seva ina nginx mbele (programu inayopokea maombi ya kivinjari) na PHP-FPM nyuma (inayoendesha msimbo wangu), PHP tupu bila fremuweki, fomu ya kawaida tu. Mwanzoni nilikuwa napata kosa 413 (ombi ni kubwa mno), nikaweka `client_max_body_size 2000m` kwenye nginx, likaondoka. Kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, nimeweka `upload_max_filesize` na `post_max_size` zote 2000M, na nimehakikisha kwa `php -i`, zinaonekana 2000M kabisa. Sitaki kuendelea kubahatisha. Kila jaribio linakula karibu GB moja ya bando la mtu ambaye hana kipato.

FundiSeva_Lindi

Pole sana dada, na hongereni kwa kazi hiyo. Nianze na hiyo "chagua faili", kwa sababu dalili yake inajulikana.

Ombi likizidi `post_max_size`, PHP haikati mawasiliano na wala haikurushii kosa la kuonekana. Inatupa mwili mzima wa ombi. `$_POST` (maandishi ya fomu) inakuwa tupu na `$_FILES` (mafaili) inakuwa tupu, kisha msimbo wako unaendelea kama kawaida. Msimbo wako unaangalia, hauoni faili, unasema kweli kwa kadiri unavyojua: chagua faili. Ndiyo maana hata jina la kijiji lilipotea. Kama ingekuwa ni `upload_max_filesize` peke yake iliyozidiwa, jina la kijiji lingebaki, na kwenye `$_FILES` ungeona kosa namba 1.

Sasa utaniuliza, mbona nimeweka 2000M? Umeweka, ila nina hakika umeweka kwenye faili lisilohusika. `php -i` ukiiendesha kwenye terminali inasoma mipangilio ya PHP ya terminali. PHP-FPM ina php.ini yake nyingine. Kwenye Debian na Ubuntu ziko kwenye folda mbili tofauti, moja inaitwa `cli`, nyingine `fpm`. Tengeneza ukurasa mdogo wenye `phpinfo()`, ufungue kwa kivinjari, tazama mstari wa "Loaded Configuration File", kisha ufute ukurasa huo mara moja usiuache wazi kwa watu. Badilisha namba kwenye faili hilo linalotajwa, halafu uanzishe upya FPM yenyewe. Kuanzisha upya nginx peke yake hakusaidii hapa.

Thibitisho liko kwenye logi ya PHP. Tafuta mstari wenye maneno "POST Content-Length". Utakuonyesha baiti zilizokuja na kikomo kilichozikataa. Ukiona kikomo ni 104857600, jua FPM yako bado iko kwenye 100M.

La mwisho: kwa nini inafika asilimia 100 kwanza? Kwa sababu nginx hupokea mwili wote, huuweka kwenye diski yake, ndipo humkabidhi PHP. Upau wa kivinjari unapima safari ya kufika nginx tu. PHP anakataa mzigo ukiwa tayari umeshafika mlangoni.

Kaka_Chiungutwa

Dada yangu, mimi nadhani mnajitesa. Badilisheni WAV kuwa MP3, dakika 52 haitazidi MB 50, itapita hata kwa mtandao wa kijijini. Au tumeni kama dokumenti kwa WhatsApp, inakubali hadi GB 2. Na kama mnataka faili lenyewe zima, mpeni kondakta memori kadi Newala asubuhi, mchana iko Mtwara. Teknolojia ya basi haina 413.

BintiMikindani

Kaka Chiungutwa, asante, nakujibu kwa moyo mweupe kabisa. Basi tumeshalitumia. Mwaka jana tulimpa mtu kadi kutoka Newala ije Mtwara kupitia Tandahimba, imefungwa kwenye bahasha yenye namba yangu. Bahasha ilifika imefunguka pembeni, kadi haimo. Humo kulikuwa na mzee aliyekuwa akieleza jinsi vinyago vya mapiko vilivyokuwa vikiandaliwa enzi za babu yake, kwa Kimakonde ambacho mimi mwenyewe nilihitaji kufafanuliwa. Tukapanga kurudi kumrekodi tena baada ya mavuno ya korosho. Tuliporudi tulikuta matanga. Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba hakuna kadi inayofutwa wala kusafirishwa kabla nakala haijafika kwenye seva na kuhakikiwa.

MP3 tutatengeneza kwa ajili ya watu kusikiliza. Lakini nakala mama haiwezi kuwa MP3, kwa sababu kilichotupwa hakirudi. Kuna maneno bibi anayasema kwa sauti ya chini sana, na huko chini ndiko MP3 inakochuna. WhatsApp kweli inabeba, tumejaribu, ila faili linafika limetengana na maelezo yake: kijiji kipi, nani aliridhia, lini. Baada ya miezi miwili unabaki na sauti ya mtu usiyemjua.

FundiSeva, Mungu akubariki! Ilikuwa hivyohivyo ulivyosema. `phpinfo()` imeonyesha folda ya `fpm`, na kule namba zilikuwa 100M zote mbili, niliziweka mwenyewe mwaka juzi nikasahau. Kwenye logi mistari ya "POST Content-Length" iko tisa, kikomo 104857600 palepale. Mara tisa. Nimehesabu nikaumia, maana najua kila mstari ni bando la nani.

Nimerekebisha, nikaenda Shangani tena. Sasa imefika 100, ikakaa, ikakaa, kisha kosa 504 (muda wa kusubiri umekwisha). Nimepima kwa saa ya simu: kila mara ni dakika moja kamili baada ya kufika 100. Cha ajabu, faili liko kwenye folda, zima, MB 898. Ila kwenye hifadhidata halipo, na mpakiaji anaambiwa imeshindikana, kwa hiyo anapakia tena.

Kutoka Newala bado linakufa njiani. Tumepima kasi ya kupakia pale, inacheza kati ya megabiti 1.8 na 2.6 kwa sekunde.

Mzee_wa_Logi

Marahaba binti. Umeandika vizuri, umepima kwa saa, umetaja namba. Wengi huja hapa na "haifanyi kazi" peke yake.

Una matatizo mawili tofauti, na ukiyachanganya utaongeza namba kwenye mipangilio mpaka uzeeke.

La kwanza ni hiyo 504. Dakika moja kamili si bahati. nginx inamsubiri PHP sekunde 60 bila kusikia neno, ndicho kiwango cha kawaida cha `fastcgi_read_timeout`, kisha inakata tamaa. Kwa hiyo nakuuliza: msimbo wako unafanya nini baada ya kupokea faili? Nahisi unaita ffmpeg, programu ya kubadilisha sauti, kutengeneza MP3 hapohapo mtu akiwa anasubiri. Na usishangae kwamba `max_execution_time` haikukusimamisha: kwenye Linux, muda ambao programu ya nje inatumia hauhesabiwi humo. PHP anaona hajafanya kazi yoyote, nginx anaona kimya. Usiongeze sekunde 60 kuwa 600. Pokea faili, andika kwenye hifadhidata kwamba limefika, mjibu mtu "tumepokea", mwachie aende zake. MP3 itengenezwe na mchakato mwingine wa pembeni unaoamka kila dakika kuangalia kama kuna kazi.

Hapohapo angalia diski. Kwa mpangilio wako faili moja linaishi mara mbili kwa wakati mmoja: nakala ya muda ya nginx, na nakala ya muda ya PHP. Na kama folda ya mwisho iko kwenye mfumo mwingine wa diski, kuhamisha ni kunakili, hivyo kwa muda zinakuwa tatu. Endesha `df -h` uone nafasi ya `/tmp` na ya folda ya nginx. Kuna seva ambazo `/tmp` iko kwenye RAM, humo faili la karibu GB moja ni msiba.

La pili ndilo kubwa, na hili halina uhusiano na kikomo chochote. Hebu tupige hesabu. Sauti yenu ni sampuli 48,000 kwa sekunde, kila moja biti 24, kwa mikondo miwili. Hiyo ni biti 2,304,000 kwa sekunde, yaani megabiti 2.3. Kasi ya kupakia ya Newala ni 1.8 hadi 2.6. Umeona? Kasi ya mtandao wenu ni sawa na kasi ya sauti yenyewe. Masimulizi ya dakika 52 yanahitaji dakika 52 za mtandao wa simu usiopepesa hata mara moja. Mtandao wa simu hauna ahadi hiyo. Ni kama kumwambia mtu abebe ndoo kichwani kutoka bondeni hadi juu Newala bila kuruhusiwa kutua hata mara moja, na akijikwaa hatua ya mwisho arudi bondeni kuchota upya. Maana ndivyo POST ya kawaida (ombi linalotuma fomu) ilivyo: ikikatika haina kumbukumbu ya ilipofikia.

Kabla hujajenga chochote, thibitisha. Logi ya kawaida ya nginx haionyeshi baiti zilizoingia. Ongeza `$request_length`, `$request_time` na `$upstream_response_time` kwenye `log_format`. Kisha mwambie kijana wa Newala ajaribu mara moja tu, na safari hii si kwa faili la bibi, mpe la MB 200. Ukiona 408 na `$request_length` iliyoishia katikati, mtandao ulinyamaza zaidi ya `client_body_timeout`, ambayo nayo kwa kawaida ni sekunde 60. Zingatia kwamba sekunde hizo ni za ukimya kati ya usomaji mmoja na mwingine, siyo za safari nzima. Ukiona 400, mara nyingi ni upande wa mtumaji ndio uliokatika.

Ukishathibitisha, kata faili vipande. Usiandike utaratibu wako mwenyewe. Upo unaoitwa tus, uko wazi, una programu za seva na za kivinjari. Kivinjari kinaanza kwa kutangaza ukubwa wa faili, seva inatoa anwani ya faili hilo. Kisha kinatuma kwa PATCH, kila mara kikitaja kinaanzia baiti ya ngapi. Mtandao ukikatika, kinauliza kwa HEAD, "umefikia wapi?", seva inajibu kwa `Upload-Offset`, kinaendelea kuanzia hapo. Kwa vipande vya MB 5, faili la bibi ni vipande 180, kila kimoja kama sekunde 17 kwa mtandao wa Newala. Mtandao ukikatika unapoteza sekunde 17, hupotezi dakika 40.

Na fikiria FLAC, muundo wa kubana sauti, kwa nakala mama. Haitupi chochote, ukiifungua unapata sampuli zilezile, na ndani yake inabeba MD5 (alama ya kuhakiki) ya sauti ya asili ili uweze kuihakiki baada ya miaka. Kwa mazungumzo mara nyingi utapunguza mzigo sana.

BintiMikindani

Mzee wangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu yenye ushahidi.

Kuhusu ffmpeg, umeona mbali. Nilikuwa naita ffmpeg, kisha natengeneza picha ya mawimbi ya sauti, kisha napiga sha256 (alama za kuhakiki kwamba faili halijabadilika), yote ndani ya ombi lilelile. Nimeviondoa vyote, sasa kuna jedwali dogo la kazi na mchakato wa pembeni. Jibu linarudi papo hapo na 504 imekwisha.

Diski ilinifundisha kabla sijaiangalia. Jumamosi wenzangu wawili wa Masasi walipakia kwa pamoja, kila mmoja na saa nzima ya sauti, karibu GB 1.04. Nakala mbilimbili, jumla GB 4 na kidogo, na mimi nilikuwa nimebakiwa na GB 3.9. Wa kwanza alipita, wa pili akapata kosa namba 7, PHP imeshindwa kuandika kwenye diski. Kwenye folda ya nginx nilikuta pia mabaki ya siku seva ilipozimika ghafla. Nimeyafuta, na nimeweka ukaguzi: nafasi ikishuka chini ya GB 6 tovuti inakataa faili jipya mapema, kwa maneno ya kueleweka, kabla mtu hajatumia bando.

Jaribio la MB 200 kutoka Newala: 408, baiti milioni 131 zimeingia. Tulipolinganisha saa, ndipo simu iliyokuwa inatoa hotspoti ilipopigiwa. Mtu akipigiwa simu, data inanyamaza. Hilo hakuna logi ingeniambia, amenieleza mwenyewe.

Basi nikaingia kwenye tus. Nimeweka tusd kwenye seva na tus-js-client kwenye ukurasa. Nieleze mahali nilipokwama, huenda kuna mwingine atapita njia hii. Siku mbili nzima kivinjari kilikuwa kinaanzisha faili vizuri, kinapata jibu 201 (limeundwa), kisha kinakataa kuendelea hata baiti moja. Tatizo lilikuwa anwani ambayo tusd inairudisha: ilianza na http wakati ukurasa wangu ni https, na kivinjari hakikubali mchanganyiko huo. tusd inakaa nyuma ya nginx, haijui kwamba nje kuna https. Nimeiendesha na `-behind-proxy`, na kwenye nginx nimeongeza `proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;` na ile ya `X-Forwarded-Host`. Pia `client_max_body_size 0` kwa njia hiyo tu, na `proxy_request_buffering off`, ili baiti zilizofika nusu kipande nazo zihifadhiwe badala ya nginx kuzishikilia mpaka kipande kikamilike.

Kuna jambo jingine la sha256. Nilitaka kivinjari kiipige chenyewe kabla ya kutuma. `crypto.subtle.digest` inataka faili lote liingie kwenye kumbukumbu kwa mkupuo, na simu ya mwenzangu wa Nanyamba ilifunga kivinjari palepale. Kwa sasa wenye laptopu wanapiga kwa `certutil -hashfile` kwenye Windows na kubandika alama hizo kwenye fomu. Nitatafuta maktaba inayosoma kipande kwa kipande.

FLAC tumeijaribu. Bibi ametoka MB 898 akawa MB 512. Nikaifungua kurudi WAV, nikapiga sha256 ya sampuli zenyewe, ni zilezile. Lakini kwa huyu bibi niliamua itumwe WAV ya asili kwanza, FLAC baadaye. Nilitaka kujua njia inabeba mzigo wake wote.

Mwenzangu wa Newala alianza kupakia juzi saa mbili na dakika kumi usiku. Mimi nilikuwa nimekaa na logi hapa Mikindani. Mtandao ulikatika mara nne, kila mara nikaona HEAD, kisha PATCH inaendelea pale ilipoishia. Nimempigia kumwambia usiguse kitu, nikakumbuka kwamba simu yangu ndiyo itakayomkatia data, nikakata haraka! Asilimia 71, kimya. Nikasubiri dakika kumi, ishirini. Akatuma ujumbe: umeme umekwenda na betri ya laptopu imekufa.

Asubuhi saa moja alifungua kivinjari, akachagua faili lilelile. Likaanza 71. Saa moja na dakika ishirini limekwisha. Nikalinganisha alama 64 za sha256, yake na ya seva, moja baada ya nyingine kwa kidole kwenye skrini ingawa kompyuta ilishaniambia ni sawa. Kisha nikaweka spika za masikioni nikamsikiliza bibi tangu mwanzo. Kabla hajaanza kusema kuna jogoo anawika mbali, na mtu anasogeza kigoda.

Kumebaki moja. Mwenzangu wa Nachingwea hana laptopu, anapakia kwa simu ya Android moja kwa moja kutoka kadi. Skrini ikizima, upakiaji unasimama. Akiiwasha unaendelea, lakini hawezi kukaa akiigusa nusu saa nzima. Nifanyeje?

FundiSeva_Lindi

Nimefurahi kweli kusoma hii.

Kwa simu: tumia Wake Lock ya kivinjari. Upakiaji ukianza, ita `navigator.wakeLock.request('screen')`, skrini haitazima yenyewe. Inataka https, ambayo unayo. Mtu akihamia programu nyingine kufuli hilo linaachiliwa, kwa hiyo sikiliza `visibilitychange` na uliombe upya ukurasa ukirudi mbele. Mwandikie pia kwenye ukurasa, kwa herufi kubwa, asifungue kitu kingine na achomeke chaja. Akilazimika kupokea simu apokee, tus itamsubiri.

Kwenye `retryDelays` ya tus-js-client (muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena) ongeza dakika moja na dakika tano mwishoni. Naona wengi wanaishia sekunde 20, na huku kwetu mnara ukienda hauna haraka ya kurudi.

Kaka_Chiungutwa

Dada, nimekuelewa kuhusu ile kadi. Poleni sana. Mimi nina laptopu iliyokaa tu nyumbani, betri yake bado inashika saa tatu. Kama vijana wa Masasi wanaihitaji, waambie wanitafute hapa kwenye ujumbe binafsi.

BintiMikindani

Kaka, wanakutafuta leo hii. Ahsante sana, sijui nikuambie nini.

FundiSeva, Wake Lock imekaa, mistari kumi na minne tu. Nimejaribu kwa simu yangu na MB 300, skrini haikuzima mpaka mwisho. Nachingwea anajaribu kesho asubuhi na mzee wa reli.